Njia Kwanza, Jibu Baadaye: Hisabati ya Sekondari kwa Mtoto wa Mkokoni

Katika mtihani wa hisabati wa KCSE, jibu lenyewe mara nyingi hubeba alama moja tu. Swali la alama tatu au nne linapofika mezani kwa msahihishaji, yeye huangalia kwanza njia: mtahiniwa alianzia wapi, alitoa nini, akazidisha kwa ngapi, akagawanya lini. Kila hatua iliyo sawa ina alama yake katika mwongozo wa kusahihisha, na mwisho kabisa ndipo huja alama ya jibu. Mwanafunzi aliyeteleza katika kutoa lakini akaandika hatua zake zote huondoka na sehemu kubwa ya alama. Aliyeandika jibu peke yake, nalo likawa si sahihi, huondoka mikono mitupu hata kama alifikiri vizuri kumshinda mwenzake.

Hakuna siri katika jambo hili. Walimu wa hisabati wanalijua, na ripoti za Baraza la Mitihani, KNEC, zimelilalamikia mara kwa mara: watahiniwa hawaonyeshi njia. Kwa miaka mingi wastani wa taifa katika somo hili umekuwa chini ya nusu ya alama zote. Hata hivyo bado wapo watoto wanaomaliza miaka minne ya sekondari wakiamini kwamba hesabu ni kipaji, Mungu amekupa au hakukupa, na wapo wazazi wanaowathibitishia imani hiyo kwa maneno ya huruma: “Wacha tu mwanangu, hata mimi hesabu zilinishinda.” Imani hiyo naipinga, na katika kuipinga nina kijiji kimoja akilini.

Mkokoni iko Lamu Mashariki, upande wa bara, kaskazini mwa visiwa vya Lamu, ikitazamana na kisiwa cha Kiwayu. Ni kijiji cha Wabajuni na cha bahari, katika eneo la Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Ukielekea kaskazini unafika Kiunga, kisha mpaka wa Somalia. Ukirudi kusini kwa mashua unakutana na Ndau, halafu kisiwa kikubwa cha Pate chenye Kizingitini na Faza, ndipo baadaye ufike Lamu mjini. Kwa watoto wengi wa ukanda huu, kuingia sekondari ni kuvuka maji na kulala bweni, mbali na mama na mbali na chakula cha nyumbani, na kukaa darasa moja na wenzao kutoka vijiji vilivyokuwa na walimu zaidi.

Mwaka wa shule nao haupatani na mwaka wa bahari. Muhula wa kwanza huanza Januari, wakati kaskazi imetulia, maji yameangaza na wapiga mbizi wanashuka kutafuta kamba. Ndio msimu wa pesa. Kijana wa sekondari anayeona rika lake wakirudi na noti mfukoni anahitaji sababu nzito ya kuketi akichora grafu. Baadaye kusi ikianza kuvuma, bahari huchafuka, na safari ya mashua ya kurudi shuleni baada ya likizo inakuwa ya kungojea na kuomba dua. Siku mbili tatu za kwanza za muhula hupotea hivyo, na mara nyingi hizo ndizo siku mwalimu anapofungua mada mpya.

Halafu iko miaka iliyokatika yenyewe. Septemba 2011 wavamizi waliingia katika hoteli ya kitalii ya upande huu wa Kiwayu, wakamuua mgeni mmoja kutoka Uingereza na kumteka mkewe. Mwezi uliofuata majeshi ya Kenya yaliingia Somalia. Mwaka 2014 mji wa Mpeketoni, katika kaunti hii hii ya Lamu, ulishambuliwa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya usalama ya Linda Boni katika msitu wa Boni. Ndani ya msitu huo, nyuma ya pwani hii, shule za Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe zilifungwa kwa muda mrefu, na walimu wengi wakaondoka. Yakaja maradhi ya korona: shule zote nchini zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021.

Nayataja haya kwa sababu hisabati haisamehe pengo. Somo la historia ukilikosa muhula mmoja, unaweza kuianza sura inayofuata na ukaifuata. Hesabu hukaa juu ya hesabu. Mtoto aliyekosa wiki ya sehemu katika darasa la sita ataambiwa huko sekondari ajumlishe moja chini ya x na moja chini ya x jumlisha 2, naye atakodoa macho, si kwa sababu ya x, bali kwa sababu hajawahi kuwa na hakika na theluthi moja jumlisha moja ya tano. Mwalimu ataona mtoto asiyejua aljebra. Mtoto mwenyewe ataona mtu asiye na kichwa cha hesabu. Wote wawili watakuwa wamekosea.

Ndiyo maana zoea la kwanza ambalo ningetaka mtoto wa Mkokoni awe nalo anapoingia sekondari ni kurudi nyuma bila kuona haya. Achukue kitabu cha darasa la sita au la saba, afanye sehemu, desimali, asilimia na uwiano mpaka viwe vyepesi mkononi. Si kazi ya mwaka. Akifanya maswali machache kila jioni, muhula mmoja unatosha kuziba matundu mengi. Kinachozuia ni aibu ya kuonekana na kitabu cha watoto. Mwalimu mwenye busara huiondoa aibu hiyo siku ya kwanza kwa kuwapa wote zoezi la nyuma, wanaojua na wasiojua, kisha akaangalia kila daftari limevunjika wapi.

Zoea la pili ni hilo la kuonyesha njia, na hapa nitatua kidogo. Tuchukue swali nililolitunga kwa mfano. Mashua imerudi na kamba waliouzwa kwa shilingi 18,000. Kwanza zinatolewa 3,000 za mafuta. Theluthi moja ya zinazobaki ni fungu la mwenye chombo. Zilizosalia wanagawana nahodha na mabaharia watatu kwa uwiano wa 2:1:1:1. Nahodha anapata ngapi?

Mwenye mazoea mazuri anaandika mistari minne. 18,000 toa 3,000 ni 15,000. Theluthi mbili za 15,000 ni 10,000. Mafungu ni 2 na 1 na 1 na 1, jumla 5. Mafungu mawili kati ya matano ya 10,000 ni 4,000. Sasa tuseme mwenzake ana haraka, anaandika kwamba 18,000 toa 3,000 ni 16,000, kisha anaendelea sawasawa mpaka anapata 4,266 na senti 67. Jibu limepotea. Lakini alijua kwamba gharama hutolewa kwanza, theluthi mbili alizichukua, mafungu matano aliyaona. Swali hilo likiwa na alama nne anaweza kupata tatu. Wa tatu kafanya kosa lile lile kichwani, akamalizia kwenye kikokotoo na kuandika 4,266.67 peke yake. Hana kitu. Wawili hawa wa mwisho wana akili sawa na wameteleza mahali pamoja. Kilichowatenganisha ni kalamu ya mmoja kusema na ya mwingine kunyamaza.

Kuandika njia kuna faida nyingine iliyo kubwa kuliko alama. Mstari ulioandikwa unaweza kusahihishwa. Mwalimu akiona 16,000 ataweka duara jekundu hapo hapo na kusema, “Tazama hapa, nane toa tatu ni tano.” Mbele ya 4,266.67 iliyokaa peke yake hana la kusema ila “kosa”, na mtoto hajifunzi lolote kutokana na neno hilo. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati anayedai kila hatua iandikwe, hata kwa swali rahisi, hamsumbui mwanafunzi. Anamfungulia mlango wa kusaidiwa.

Yupo atakayesema kwamba mambo haya ni mageni kwa mtoto wa kijiji cha wavuvi. Mimi naona kinyume chake. Mazoea ambayo hisabati inayataka yapo Mkokoni tangu zamani. Hayajaitwa tu kuingia darasani.

Angalia chuoni, kwenye madrasa. Mtoto wa pwani, kabla hajajua kushika kalamu ya wino, amekaa mbele ya maalim na juzuu yake. Haendi mbele mpaka somo la jana limekaa sawa. Husoma kwa sauti, hukosolewa pale pale, hurudia, hukosolewa tena, na hakuna anayemcheka kwa sababu zamu ya kila mmoja itafika. Wakubwa huwasikiliza wadogo. Huenda kila siku, si siku anayojisikia. Ukizitoa sura ukaweka milinganyo, huo ndio mpango bora wa kujifunza hesabu ninaoufahamu. Tofauti ipo moja na ni lazima isemwe: sura huhifadhiwa kama ilivyo, herufi kwa herufi, lakini swali la hesabu halirudi kama lilivyokuja. Namba zitabadilika. Anayehifadhi majibu ya mitihani iliyopita, kama wengi wanavyofanya ikikaribia Novemba, amebeba mzigo usiomfaa. Kinachohifadhika ni sababu ya kila hatua.

Angalia mirathi. Hakuna mtu mzima katika vijiji hivi asiyejua kwamba Kurani imetaja mafungu: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Ni sehemu zile zile zinazowatoa watoto jasho darasani. Iko kadhia moja mashuhuri katika elimu ya mirathi, inayoitwa Mimbariya kwa kuwa imepokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari akaijibu hapo hapo. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni, mabinti wana theluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Tafuta namba inayogawika kwa 8, kwa 3 na kwa 6: ni 24. Mke anapata mafungu 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumlisha: 27. Mafungu yamezidi mali. Wanazuoni walilitatua kwa auli, yaani mali igawanywe kwa 27 badala ya 24, ili kila mrithi apunguzwe kwa kipimo kile kile. Mke aliyestahili moja ya nane sasa ana 3 kati ya 27, ambayo ni moja ya tisa.

Mpe mtoto anayeanza sekondari kadhia hii ubaoni, kwa subira, na atakuwa amefanya sehemu zenye vigawanyo tofauti, uwiano, kurahisisha na kuhakikisha jibu, vyote kwa swali moja ambalo babu yake angependa kulisikia. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820 kitabu kilicholipa somo la aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa maswali ya mirathi na wasia. Alikuwa akiwafundisha watu hesabu wanazozihitaji, na hakuna sababu ya mwalimu wa Lamu Mashariki kufanya vingine.

Bahari nayo ina hesabu zake. Wazee wa pwani walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36, kisha siku tano za gatha, jumla 365, wakajua lini upepo utageuka. Maji kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50 kila siku; mtoto anayejua maji yalijaa saa ngapi leo anaweza kukadiria yatajaa saa ngapi baada ya siku nne, na hapo ameshaingia katika mada ya mfuatano wa namba kabla ya kuifikia kidato cha tatu. Katika kidato cha nne ipo mada ya latitudo na longitudo, ambayo watahiniwa wengi huikimbia. Mkokoni iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Ukisafiri nyuzi 5 za longitudo kuelekea mashariki kwenye mstari huo, umekwenda maili za baharini 5 mara 60 mara kosaini ya 2, karibu 300 kamili. Safari hiyo hiyo kwenye nyuzi 60 kaskazini, huko karibu na Oslo na Helsinki, ni 150 tu, kwa kuwa kosaini ya 60 ni nusu. Mtoto aliyekulia kwa manahodha ana haki ya kulipenda swali hili kuliko mtoto wa Nairobi.

Sasa suala la kiasi. Wanafunzi wengi hukaa na hesabu saa nne mfululizo usiku wa kuamkia mtihani, kisha wiki tatu hawazigusi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujijaribu mwenyewe, jinsi binadamu anavyosahau haraka alichojifunza, na jinsi kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunavyookoa. Mwaka 1954 mwalimu wa Kijapani Toru Kumon alianza kumwandikia mwanawe karatasi za hesabu za kila siku, fupi, za kumalizika kwa muda mdogo. Kutokana na karatasi hizo kukazaliwa mfumo unaotumiwa leo katika nchi nyingi. Maswali matano kila siku baada ya Magharibi au baada ya Isha, manne ya mada ya sasa na moja la mada ya zamani, yanamfaa mtoto kuliko kukesha. Yanafaa hasa kwa mtoto ambaye shule yake inaweza kufungwa wakati wowote, kwa sababu ni zoea lisilotegemea kengele. Shule ikifungwa, maswali matano yanaendelea.

Asiyafanye peke yake siku zote. Katika miaka ya 1970 Uri Treisman, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi Weusi walioingia chuoni na alama nzuri walikuwa wakianguka katika kalkulasi ilhali wenzao wa asili ya Kichina wakifaulu. Watu walimpa sababu tele: uvivu, umaskini, wazazi wasiojali. Akaenda kuishi nao karibu na kuwatazama wanavyosoma. Hakuona uvivu. Aliona kwamba wale waliokuwa wakianguka walisoma kwa bidii lakini kila mmoja chumbani kwake, wakidhani kutojua ni siri ya kuficha. Wale wengine walisoma kwanza peke yao, kisha wakakutana jioni kulinganisha majibu, wakabishana, na swali lililowashinda wote wakajua ni gumu kweli. Treisman alipoanzisha vikundi vya kufanyia kazi maswali magumu pamoja, matokeo ya wanafunzi Weusi yalipanda. Katika bweni la Faza au la Lamu, watoto watatu wa kijiji kimoja wanaweza kuunda kikundi kama hicho bila ruhusa ya mtu na bila senti moja. Sharti lao liwe moja: kila mtu aje na alichojaribu, hata kama ni mistari miwili iliyopotea.

Vifaa navyo nisivisahau. Seti ya jiometri yenye bikari inayokaza, kikokotoo kinachoruhusiwa, jedwali la hesabu la KNEC, penseli iliyochongwa, daftari la mazoezi na jingine la masahihisho. Mzazi akinunua vitu vya kuanzia sekondari asiviache hivi kwa ajili ya sanduku zuri. Kikokotoo kizoewe mapema; si kifaa cha kukutana nacho kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

Na muda. Kila karatasi ya hisabati ya KCSE ni saa mbili na nusu kwa alama 100: maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, kisha maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano ya alama 10 kila moja. Ukigawanya, kila alama ina dakika moja na nusu. Swali la alama tatu lina dakika nne na nusu. Anayekaa dakika ishirini akipigana na swali la alama tatu amelipa kwa alama kumi alizokuwa nazo mfukoni. Zoea la kutazama saa, kuruka, kisha kurudi, hujengwa mapema kwa majaribio ya darasani. Kidato cha nne ni kuchelewa.

Kizuizi kingine wanachokutana nacho watoto wetu ni kusoma swali lenyewe. Nyumbani ni Kibajuni, uwanjani Kiswahili, na karatasi ya hisabati ni Kiingereza. Mtoto anayejua kugawa mali ya mirathi hushindwa na sentensi tatu za maelezo zinazotangulia namba. Hapa namkumbuka George Pólya, Mhungaria aliyefundisha Stanford, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kutatua maswali aliweka mbele ya kila kitu hatua ya kulielewa swali: nini kinatafutwa, nini kimepewa, sharti ni lipi. Mwalimu akiwazoeza wanafunzi kulisimulia swali kwa Kiswahili kabla ya kugusa kalamu, kisha waandike hatua kwa Kiingereza cha mtihani, atakuwa amewatendea haki. Wako wanaohofia kwamba hilo litawaharibia Kiingereza. Naona hofu yao haina msingi. Hakuna aliyewahi kuandika vizuri jambo asilolielewa.

Mpaka hapa nimemzungumzia zaidi mwanafunzi, lakini matarajio hayawezi kuwa ya upande mmoja. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran mwaka 1977. Katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati hakufanya vizuri katika hisabati, mwalimu wake hakuona kwamba ana kipawa, naye akakata tamaa na somo lenyewe. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo, na matokeo yakabadilika kabisa. Alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya kimataifa ya hisabati mwaka 1994 na tena 1995, na mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa medali ya Fields, ambayo ndiyo heshima kuu ya wanahisabati. Alifariki mwaka 2017. Mwenyewe alijieleza kuwa ni mtu wa kufikiri polepole. Binti wa Kibajuni aliyeambiwa kwamba hesabu ni za wavulana, na aliyeamini kwamba asiyejibu haraka hana akili, amesikia uongo mara mbili.

Hapa Kenya tunaye Peter Tabichi, aliyefundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko huko Njoro, katika kijiji ambacho nacho kinaitwa Pwani. Mwaka 2019 alishinda huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na madarasa yaliyofurika. Alifungua klabu ya vipaji, akatembelea nyumba za watoto waliokuwa karibu kuacha shule, na mwaka huo wanafunzi wake walifuzu kwenda Arizona kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi. Nilichokipenda katika habari zake ni hizo ziara za nyumbani kuliko ile tuzo. Mwalimu anayemfuata mtoto hadi kwao amemwambia kwamba anatarajiwa kesho darasani.

Tabichi mmoja hatoshi, na si haki kuujenga mpango wa elimu juu ya miujiza ya mtu mmoja. Tangu mwaka 1998 nchi hii, kwa msaada wa Japani, imekuwa na mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi walio kazini, yanayosimamiwa leo na kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi. Mafunzo hayo hayamfai mtoto ambaye mwalimu wake hakuja, au alikuja akahamishwa baada ya muhula mmoja. Hapo ndipo serikali inapoanguka katika mtihani wake. Mwanafunzi anatakiwa afike kwa wakati, na daftari, na kazi iliyokamilika. Ana haki ya kumkuta mtu mbele ya ubao.

Mzazi naye asijitoe. Si lazima ajue milinganyo. Baba aliyetoka baharini anaweza kusema, “Lete daftari la hesabu nione,” akatazama mambo matatu: kuna kazi ya wiki hii? Kuna wino mwekundu wa mwalimu? Na penye wino mwekundu, mtoto amelifanya tena lile swali? Daftari lisilo na masahihisho ni habari mbaya hata likiwa safi. Akiliona hivyo, aende shuleni kwa upole amwulize mwalimu. Na Januari, kamba wakiwa wengi, asimpe kijana wa shule nafasi katika mashua siku ya masomo. Najua ni kumwambia mtu akatae pesa iliyo mkononi. Lakini bandari ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na kazi zake za mitambo, uhandisi na urubani wa meli hupita katika vyuo vinavyoangalia gredi ya hisabati kwanza. Vijana wa Lamu Mashariki wasiwe wa kubeba mizigo tu katika bandari iliyojengwa kwenye maji ya babu zao.

Lipo jambo la haraka zaidi. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaondoka. KCSE yake ya mwisho ni mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya kumi Januari 2026. Awali ilipangwa kwamba hisabati isiwe lazima kwa wote katika sekondari ya juu, lakini Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba itakuwa lazima: hisabati ya kina kwa wanaochukua mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, na hisabati nyepesi zaidi kwa mikondo mingine miwili. Uamuzi wa kuirudisha ulikuwa wa haki. Hofu yangu ni kwamba shule za mbali, zisizo na walimu wa kutosha, zitawasukuma watoto kwenye ile nyepesi kwa sababu ndiyo rahisi kuifundisha, na mtoto wa Mkokoni atafungiwa mlango wa uhandisi, udaktari na urubani akiwa na miaka kumi na tano, kabla hajajua kwamba mlango huo ulikuwepo.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa gredi ya tisa asingoje kuitwa. Kabla fomu ya kuchagua mkondo haijajazwa, aende akamwulize mwalimu mkuu kama katika shule wanazozipendekeza yupo mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa na tume ya walimu, TSC, na kama hisabati ya kina inafundishwa humo kweli au iko kwenye karatasi tu. Akijibiwa kwamba mwalimu hayupo, yeye na wazazi wenzake waandike barua kwa ofisi ya TSC ya kaunti, nakala kwa mbunge wao, na wakae na ile nakala yenye muhuri wa kupokewa mpaka mwalimu afike.